Wakala Amekataa! Nini Kimezuia Barua Yako Kwenye Simu?

Tuchukue mfano huu. Umetoka nyumbani Yaeda Chini asubuhi na mapema. Umepanda kilima mpaka mahali unapojua kwamba simu hushika vizuri. Simu yako ya tachi ina chaji na ina bando. Unayo barua ya kutuma mbali, na kwa sababu zako hutaki ijulikane kwamba imetoka kwako. Umefungua programu ya kuficha njia. Umesubiri. Halafu kwenye kioo yanatokea maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni hii: wakala anakataa kuunganisha.

Basi, hayo tu. Hayasemi ni wakala gani, wala kwa nini amekataa. Utafanya nini? Utashuka na barua yako? Au utaituma hivyo hivyo kwa njia ya kawaida, ili mradi ifike?

Leo tunaeleza maana ya maneno hayo, na mahali pa kutazama kwanza. Tena tutaeleza kosa moja ambalo ni baya kuliko kukataliwa. Wengi hulifanya bila kujua.

Kwa nini mtu afiche jina?

Wengine watauliza: mtu mwema ana haja gani ya kujificha? Swali hilo ni zuri. Hebu tutazame mambo yaliyotokea kwelikweli.

Mwaka 2007 kampuni moja kutoka Falme za Kiarabu ilitaka kutumia bonde la Yaeda kwa uwindaji wa wageni. Wahadzabe walipinga, maana humo ndimo wanamopata nyama, asali, ubuyu na mizizi. Magazeti ya nje yaliandika kwamba Mhadzabe mmoja aliyepinga waziwazi alikamatwa. Habari zilienea duniani, na mwaka huo huo kampuni ile ilijiondoa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hilo walipewa hati ya kimila ya ardhi, siyo mtu mmoja mmoja, bali kwa pamoja kama jamii. Unaona? Habari iliyofika mbali ilisaidia. Lakini aliyeisema alijulikana, naye akapata taabu.

Mfano mwingine ni wa Dar es Salaam. Desemba 2016 polisi walimkamata Ndugu Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums. Hilo ni baraza la kwenye intaneti ambako watu wengi huandika kwa majina ya kupanga. Polisi walitaka kujua baadhi ya waandishi hao ni akina nani, naye akakataa kutoa habari zao. Akashtakiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kesi zilichukua miaka. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani katika kesi mojawapo, ikamtaka alipe faini ya shilingi milioni 3 au aende jela mwaka mmoja.

Hapo tunajifunza jambo kubwa. Jina la kupanga peke yake halitoshi. Mwenye baraza anayo kumbukumbu ya simu au kompyuta iliyoandika. Waandishi wale walisitirika kwa sababu mtu mwingine alikubali kubeba mzigo wao. Je, ukiandika mahali ambapo mwenye baraza si mtu wa namna hiyo?

Na simu yenyewe nayo inasema. Siku hizi laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa. Ukipiga simu au ukituma ujumbe mfupi, kampuni ya simu inaweza kujua ni laini ya nani na imepitia mnara gani. Mtandao tutakaoueleza hapa haufichi simu ya kuongea, wala ujumbe mfupi, wala zile namba za nyota za kutuma pesa. Mambo hayo yana njia yake mwenyewe.

Hatusemi kila jambo linataka siri. Ng'ombe wa jirani wakiingia shambani kwako, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mtu akikuomba rushwa, TAKUKURU wana namba 113, tena ni ya bure. Iko pia Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya mwaka 2015. Kwa mambo mengi njia hizo zinatosha. Lakini liko jambo ambalo mtu akilisema kwa jina lake, halali nyumbani kwake usiku huo. Kwa jambo la namna hiyo watu walitafuta njia nyingine.

Bahasha tatu

Njia hiyo iko hivi. Fikiri unataka barua yako ifike Arusha, na hutaki mtu yeyote njiani ajue kwa pamoja imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Unaandika barua, unaiandikia anwani ya Arusha. Unaitia ndani ya bahasha, na juu yake unaandika jina la mtu wa Karatu. Bahasha hiyo unaitia ndani ya bahasha nyingine, unaandika jina la mtu wa Mbulu. Hiyo nayo unaitia ndani ya bahasha ya tatu, unaandika jina la mtu wa Haydom. Kisha unampa kondakta wa basi.

Mtu wa Haydom anafungua bahasha ya juu. Ndani anakuta bahasha ya mtu wa Mbulu, anaipeleka. Yeye amejua kwamba imetoka kwako, lakini hajui inakwenda Arusha. Mtu wa Mbulu hajui kitu: imetoka Haydom, inakwenda Karatu, basi. Mtu wa Karatu anaona anwani ya Arusha, lakini hamjui mwandishi. Kila mmoja amejua kipande chake tu.

Watu hawa watatu ndio mawakala. Mafundi humwita wakala wa namna hii proksi. Ni kama mshenga: anakwenda kusema maneno yako, uso wako hauonekani.

Mtandao mkubwa unaofanya kazi hivi unaitwa Tor. Jina lake limetokana na neno la Kiingereza la kitunguu, kwa sababu bahasha hizo zimefunikana kama maganda. Wazo lilianza katika miaka ya 1990 kwenye maabara ya utafiti ya Jeshi la Maji la Marekani. Mwaka 2002 programu yake ilitolewa wazi, watu wote waione. Tangu mwaka 2006 inatunzwa na shirika lisilotafuta faida. Mawakala wake ni maelfu ya kompyuta za watu wa kujitolea katika nchi nyingi. Kwenye simu watu hutumia kivinjari cha Tor, au programu iitwayo Orbot ambayo hupitisha hata programu nyingine.

Jambo moja msisahau: bahasha huficha njia tu. Ukiandika, "Mimi niliyekaa mwisho kwenye kile kikao cha watu sita," umejitaja mwenyewe. Na picha iliyopigwa kwa simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali ilipopigwa.

Nani hasa aliyekataa?

Sasa turudi kule kilimani.

Mtu akisoma kwamba wakala amekataa, mara anafikiri mbali. Anafikiri labda serikali imefunga. Labda mnara umeharibika. Labda huko Ulaya wamemjua. Kumbe mara nyingi siyo hivyo hata kidogo.

Kabla ya mawakala watatu wa njiani, yuko wakala mmoja wa kwanza kabisa. Huyo hayuko Haydom wala Ulaya. Yumo ndani ya simu yako mwenyewe! Yeye ndiye anayetia barua katika bahasha. Programu yoyote inayotaka kutuma kitu kwa siri lazima kwanza igonge mlango wa wakala huyu. Mlango wenyewe una namba. Kwa Orbot namba ya kawaida ni 9050. Nyumba nayo ina anwani, 127.0.0.1, na maana ya anwani hiyo ni "humu humu ndani".

Kwa hiyo maneno "wakala anakataa" kwa kawaida yana maana hii: programu imegonga mlango wa nyumba yako mwenyewe, na hakuna aliyeitika. Barua haijatoka hata kwenye ua. Basi anza kutafuta hapo hapo, usiende mbali.

Kwa nini haitiki? Sababu ya kwanza, amelala. Simu nyingi za siku hizi zina utaratibu wa kuokoa betri. Zikiona programu inafanya kazi kwa muda bila kuguswa, zinaizima kimya kimya. Sisi watu wa kuchaji kwa sola tunapenda sana utaratibu huo, na ni haki yetu, lakini ndio unaomuua wakala. Fungua Orbot utazame. Kama imezimika, iwashe. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya betri, utafute jina la Orbot, na uiruhusu ifanye kazi bila kuzuiwa.

Sababu ya pili, ameamka lakini bado anavaa viatu. Wakala anapowashwa huanza kutafuta njia, naye huonyesha hesabu mpaka ifike mia kwa mia. Mtu mwenye haraka huanza kutuma hesabu ikiwa hamsini. Lazima akataliwe. Mahali ambapo mtandao ni hafifu hesabu hiyo huchukua dakika nyingi, maana wakala anapakua orodha ndefu ya mawakala wenzake. Kaa kivulini, subiri.

Sababu ya tatu, mlango siyo wenyewe. Kivinjari cha Tor cha kwenye kompyuta hutumia mlango 9150, na Orbot 9050. Mtu akisoma maelekezo ya kompyuta akayaandika kwenye simu, anagonga mlango ambao hauna mtu. Tarakimu moja tu!

Sababu ya nne, nyumba imeshachukuliwa na mgeni mwingine. Orbot ikipitisha programu nyingine hutumia njia ya simu iitwayo VPN, na simu za Android hukubali VPN moja tu kwa wakati mmoja. Kama mwanao alishaweka VPN yake ya bure ya kutazamia mpira, moja ikiingia nyingine hutoka. Zima hiyo nyingine kwanza.

Simu iliyorudi mwaka 2015

Sasa tuseme wakala yuko macho, mlango ni wenyewe, lakini hesabu imekwama. Haifiki mia. Hapo wakala wa nyumbani anajaribu kumfikia mtu wa Haydom, naye hapatikani. Kwanza hakikisha bando lipo: fungua ukurasa wowote wa kawaida wa intaneti. Usifunguke? Basi tatizo ni la bando au mnara, na Tor haihusiki. Ukifunguka, tazama saa.

Ndiyo, saa! Nasi tuliwahi kuaibika kwa ajili ya saa, tena vibaya.

Simu yetu ilizimika ikakaa siku nyingi bila chaji. Tuliipeleka dukani kwenye sola. Ilipowaka tulifurahi, tukapanda nayo kilimani, tukawasha Orbot. Ikakwama. Tukahama jiwe hili tukaenda jiwe lile. Ikakwama. Mmoja wetu akasema mnara umekufa, lakini watu wengine pale pale walikuwa wanapiga soga kwenye WhatsApp. Mwingine akasema, "Wametufungia." Wote tukaamini, maana neno hilo linapendeza: linamfanya mtu ajione mkubwa. Tukashuka mpaka kwa fundi. Fundi naye akakubali kwamba tumefungiwa, akasema dawa ni kufuta simu yote na kuianza upya. Akafuta. Majina yote ya watu yakapotea, na pesa tukalipa. Tukawasha Orbot tena. Ikakwama pale pale.

Kijana mmoja aliyekuwa amekaa hapo dukani akaishika simu, akaitazama juu kwenye kona, akacheka. Akasema, "Wazee, simu yenu inadhani huu ni mwaka 2015."

Alirekebisha tarehe. Dakika chache tu, hesabu ikafika mia.

Sababu ni hii. Mawakala hawaaminiani kwa sura. Wanaonyeshana vyeti, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Tena orodha ya mawakala wa Tor hutolewa mpya kila saa moja. Simu inayodhani ni mwaka 2015 ikionyeshwa cheti cha mwaka huu, inaona kama cheti cha mtoto ambaye hajazaliwa. Inakataa, nayo ina haki ya kukataa. Wala haisemi waziwazi, "Tazama tarehe yangu."

Kuna mtego mwingine ambao ni wetu sisi watu wa Kiswahili. Sisi huhesabu saa toka jua linapochomoza. Saa nne asubuhi kwetu, simu huandika 10:00. Saa kumi jioni huandika 16:00. Mtu anayerekebisha simu kwa mkono anasikia redio ikisema saa nne, naye anaandika 4:00. Amekosea kwa masaa sita! Kwa Tor kosa la masaa sita mara nyingine hupita, mara nyingine husumbua. Likifika siku nzima au zaidi, ndipo unakwama kabisa. Afadhali uache simu ichukue saa na tarehe yenyewe kutoka kwenye mnara. Kama lazima uweke kwa mkono, tazama vitu vyote vitatu: saa, tarehe pamoja na mwaka, na eneo la saa. Eneo letu ni la Afrika Mashariki, lililo masaa matatu mbele ya saa ya kimataifa. Ukiweka eneo la nchi nyingine, saa inaweza kuonekana sawa machoni pako na bado ikawa imekosea.

Barabara imefungwa, au haipo?

Kama saa ni sahihi, bando lipo, wakala yuko macho, na bado hesabu inakwama mwanzoni kabisa, sasa ndipo unaweza kufikiri habari ya kufungwa. Lakini kufungwa kuko kwa namna mbili, na ni lazima kuzitofautisha.

Namna ya kwanza ni kufunga mlango mmoja. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa hapa Tanzania, lakini kurasa nyingine ziliendelea kufunguka. Huko Uganda, Januari 2021, Facebook ilizuiwa siku chache kabla ya uchaguzi. Barabara ilikuwepo, mlango mmoja ndio umefungwa. Hata Tor yenyewe inaweza kuzuiwa hivyo, kwa sababu orodha ya mawakala wake iko wazi. Anayetaka kuzuia anaichukua orodha, anafunga mmoja baada ya mwingine.

Kwa ajili hiyo yapo mawakala ambao hawakuandikwa kwenye orodha ile. Hao huitwa madaraja. Ndani ya Orbot na ndani ya kivinjari cha Tor iko sehemu ya kuomba daraja. Aina moja inaitwa Snowflake, maana yake chembe ya theluji. Mtu wa kujitolea katika nchi nyingine anaazimisha kivinjari chake kiwe mlango kwa muda. Akiondoka, anaingia mwingine. Kuwazuia ni kama kusimama penye mzinga na kuzuia nyuki mmoja mmoja. Madaraja yana faida nyingine pia: bila daraja, kampuni ya simu haioni unasema nini, lakini inaweza kuona kwamba unatumia Tor. Kwa daraja ni vigumu zaidi kuona hata hilo.

Namna ya pili ni kuondoa barabara yenyewe. Uganda, Januari 2021 hiyo hiyo, intaneti yote ilizimwa kwa siku zipatazo tano. Hapa kwetu ilikatika nchi nzima tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ikaanza kurudi tarehe 3 Novemba. Siku kama hizo hata ukurasa wa kawaida haufunguki. Hakuna wakala wala daraja litakalokusaidia. Bahasha tatu, bahasha kumi, ni mamoja: basi halipiti. Usipoteze chaji, na usimlipe fundi anayedai ana dawa.

Na sheria je? Lazima tuiseme, maana mtu asije akadanganywa kwamba mambo haya hayana sheria. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza kutumia nyenzo za kumwezesha mtu kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Na Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka watu na makampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Orbot ikipitisha programu nyingine hutumia VPN. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ukimpata mmoja, muulize kabla hujaanza. Kuuliza sheria inasema nini si kosa. Sisi kwa maoni yetu tunaona si haki mtu aliyeona uovu aogope njia kuliko anavyouogopa uovu wenyewe. Lakini maoni yetu hayatakulipia faini.

Kosa lililo baya kuliko kukataliwa

Tulisema liko kosa moja. Ni hili.

Umekataliwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jua limekuwa kali. Kijana aliye karibu nawe anakuhurumia, anasema, "Mzee, zima hicho kitu, itapita." Unazima. Barua inapita dakika ile ile. Mnafurahi.

Imepita kweli. Lakini imepita uchi. Haina bahasha hata moja. Aliyeipokea anaweza kuona ilikotoka, na kampuni ya simu inaweza kuona ilikokwenda.

Kukataliwa kulikuwa kunakulinda. Wakala aliyesema "hapana" alikuwa anasema, "Sijapata njia ya kukuficha, kwa hiyo sitoi barua." Mbaya zaidi, ziko programu ambazo zikigonga kwa wakala zikakosa jibu, zinaamua zenyewe kupita njia ya wazi. Hazikuambii. Unaona tu kwamba leo mambo yamekwenda haraka. Jamani, mtandao wa siri ukienda haraka sana kuliko kawaida yake, usishangilie kwanza.

Kwenye simu nyingi za Android unaweza kuufunga mwanya huo. Fungua mipangilio, tafuta neno VPN. Utaliona jina la Orbot, na pembeni yake alama ya gurudumu lenye meno. Iguse. Utakuta swichi mbili. Moja maana yake ni kwamba VPN iwe wazi wakati wote. Nyingine maana yake ni kwamba bila VPN kitu chochote kisipite. Washa zote mbili. Tangu hapo wakala akilala, intaneti yote ya simu inasimama, hata WhatsApp. Usishtuke, wala usiseme simu imekufa. Ndivyo ulivyotaka. Ukimaliza kazi yako, uzime hiyo ya pili, la sivyo wa nyumbani watakutafuta kwenye WhatsApp wasikupate.

Liko jambo jingine dogo. Mara nyingine wakala yuko sawa, njia iko sawa, lakini ukurasa unaokwenda ndio unaokataa. Benki na makampuni mengi wakiona mgeni ametoka kwenye mlango wa Tor wanamfukuza au wanamwuliza maswali mengi. Hapo maneno yatakuwa tofauti, hayatasema wakala amekataa. Ndani ya Tor kuna sehemu ya kuomba njia mpya. Ijaribu mara mbili tatu, maana mtu wa Karatu wa sasa akikataliwa, huenda wa pili atapokelewa.

Kabla hujatuma barua yenyewe, tuma kwanza mguu wako mtupu. Fungua kivinjari chako na uende kwenye ukurasa uitwao check.torproject.org. Shirika la Tor limeuweka kwa ajili ya kupima tu. Kama umefichika, utakuambia kwa Kiingereza kwamba unatumia Tor, na chini yake utaona namba ya anwani. Hiyo siyo ya simu yako. Ni ya wakala wa mwisho, ambaye labda yuko Ujerumani au Uholanzi. Kama hukufichika utakuambia hutumii Tor, na namba utakayoiona ni ile uliyopewa na kampuni yako ya simu. Mpime huyo mmoja mmoja, kivinjari na kila programu unayotaka kuitumia, kwa sababu kufichika kwa kimoja si kufichika kwa kingine. Ukiona namba ya hapa nchini, rudisha simu mfukoni, na uanze tena pale pale tulipoanzia: je, wakala wa ndani ya nyumba yuko macho?